Trekta Lililonunuliwa Mbali

Mwezi uliopita nilishuka Masasi mjini nikitokea Lindi. Nje ya duka moja jipya kulikuwa na matrekta yamepangwa mstari, mekundu na ya bluu, magurudumu yao bado yana vile vinywele vya mpira vinavyoisha trekta likishatembea siku chache. Ng'ambo ya barabara wanawake walikuwa wamemwaga mabibo, matunda ya mkorosho, kwenye turubai, mengine yameshaanza kuoza na kutoa ule ukali wake unaopanda puani. Kijana wa duka aliwasha trekta moja kumwonyesha mteja, moshi wa dizeli ukavuka barabara ukachanganyika na harufu ya mabibo. Mke wa yule mteja, mama mnene wa makamo, aliuliza kwa utulivu, likiharibika nije wapi? Kijana akamjibu, hapa hapa, mama. Nikamwona anashusha pumzi. Mimi ilinibidi niondoke pale, nikasimama kivulini karibu na duka la vitenge mpaka kijana akalizima lile trekta.

Wenzangu wa rika langu mliokulia Kitangari na vijiji vinavyoizunguka hamhitaji kuelezwa habari ya maji. Uwanda wetu uko juu, udongo wake ni mchanga mwekundu unaomeza kila tone, na chemchemi ziko chini bondeni. Mabomba tulikuwa nayo kijijini kwetu, lakini yalikoroma tu, yakatoa hewa, yakanyamaza tena. Masika tulikinga maji ya bati kwenye mapipa. Kiangazi kikikomaa, wanawake walishuka bondeni na ndoo, wakapanda nazo mteremko ambao hata mbuzi huupanda kwa kupumzika.

Mama yangu alikuwa akiondoka alfajiri. Nilikuwa nikiisikia sauti ya ndoo tupu inapogonga fremu ya mlango, halafu narudi usingizini. Nikiamka nakuta amesharudi, amekaa kwenye kizingiti, ngata ya kubebea ndoo bado iko kichwani, mishipa ya shingo imesimama. Hasemi kitu mpaka pumzi irudi. Nilidhani kila mama duniani anaanza siku yake hivyo, kwa kukaa kimya kwenye kizingiti.

Baba alikuwa mkulima wa korosho, shamba alilorithi kwa mjomba wake. Hakuwa msemaji. Akitaka jambo analizunguka siku nyingi, analikagua kila upande, ndipo analitamka. Msimu mmoja korosho zilikubali kuliko kawaida, na siku moja tukiwa kwenye chakula cha jioni akasema anataka kununua trekta. Bamdogo Hamisi, mdogo wake, ambaye alikuwa amewahi kuendesha trekta la shamba la watu huko Nachingwea, aliacha kutafuna. Akaanza kuhesabu mashamba ya ufuta ambayo wangelima kwa kukodishwa. Baba akamwacha amalize, halafu akamwambia kwamba kulima kutakuja baadaye. La kwanza ni tela na tanki. Trekta lishuke kwa barabara ya mzunguko mpaka chemchemini, lipande na maji.

Hakumtazama Mama alipokuwa akisema hivyo. Mama naye hakumtazama. Alimega tonge akaniwekea mkononi.

Ubishi ulikuja juu ya mahali pa kununua. Masasi wakati ule kulikuwa na wakala mmoja, duka dogo, aliyekuwa akiuza matrekta ya aina moja tu. Bamdogo hakuyapenda. Alisema hayana nguvu, yatashindwa kupanda na tanki lililojaa, na kwamba Dar es Salaam kuna maduka ya matrekta yamefuatana, mtu anachagua kama anayechagua viatu. Alizungumza vizuri, Bamdogo, na alikuwa na hoja. Baba aliitikia kwa kichwa kila mara.

Mama alikuwa anakusanya vyombo. Akamwambia Baba, akimwita kwa jina langu, "Baba Somoe, lichukueni la Masasi. Likiugua, mtu anaondoka asubuhi, jioni amerudi na dawa."

Bamdogo alicheka kwa upole. "Shemeji, trekta jipya haliugui."

"Kila kinachofanya kazi kinaugua," Mama alisema, akatoka na vyombo.

Siku zilizofuata walikuwa wakilirudia jambo hilo. Nilimsikia Baba akimweleza kwamba ni kwa ajili yake ndiyo maana anataka lenye nguvu, lisije likamkwamia njiani na maji. Mama mwishoni alimwambia afanye anavyoona. Mimi mawazo yangu yalikuwa mahali pengine kabisa. Nilikuwa sijaanza hata darasa la kwanza. Nilijua mbuzi wananunuliwa mnadani wanaletwa nyumbani kwa kamba, kwa hiyo nilimwuliza Bibi, mama yake Mama, aliyekuwa akiishi nyumba ya pili kutoka kwetu, kama Baba amebeba kamba ya kutosha. Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, akaniambia kamba ipo.

Trekta lilifika Masasi kutoka Dar juu ya lori, na Bamdogo akaliendesha mwenyewe kupandisha Newala mpaka kwetu. Lilikuwa la bluu. Watoto tulilikimbilia kuanzia shule. Baba alikuwa amekaa juu ya bawa la gurudumu, ameshika chuma kwa mikono miwili, vumbi jekundu limempaka kope na nywele, na ndiyo siku pekee niliyomwona akicheka meno yote yakionekana.

Asubuhi ya kwanza baada ya maji kuletwa, Mama aliamka alfajiri kama kawaida. Hakukuwa na mahali pa kwenda. Nilimkuta anafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Aliwasha moto mapema mno, akauacha ukafa, akauwasha tena. Halafu akaniita, akanikalisha katikati ya magoti yake, akanisuka nywele taratibu, nywele zote, mpaka jua likapanda. Ilikuwa mara ya kwanza kunisuka asubuhi. Nakumbuka vidole vyake vilivyokuwa vikipita kichwani bila haraka, na harufu ya mafuta ya nazi, na namna alivyokuwa akiimba kwa Kimakonde kitu ambacho leo siyakumbuki maneno yake, nakumbuka tu kilikuwa kinashuka mwishoni.

Karibu mwaka mzima tuliishi hivyo. Majirani walijaza madumu kwetu kwa bei ndogo, na wazee walichota bila malipo. Mama alinenepa kidogo. Halafu tumbo likaanza kuonekana, na Bibi akaniambia nitapata mtu wa kumbeba mgongoni.

Trekta lilizimika kiangazi kikiwa mwishoni, mabibo yakianza kuanguka. Lilizimika uwanjani kwetu, chini ya mkorosho mkubwa, wala halikuwa na kelele. Lilikohoa, likatoa moshi mweupe, likanyamaza. Bamdogo alilifungua, akashinda nalo mikono imejaa grisi, akasema ni pampu ya kusukumia dizeli. Akaifungua, akaifunga kwenye gunia, akaenda nayo Masasi kwa yule wakala wa duka dogo. Alirudi nayo kama alivyoondoka nayo. Alisema yule bwana alimpokea vizuri, akaifuta pampu, akaigeuza geuza mkononi kwa muda mrefu, kisha akamwambia, hii si ya kwetu, kaka, hii itakubidi urudi ulikoitoa.

Wakapiga simu Dar. Wakatumiwa pampu kwenye basi. Ikafika imefungwa vizuri kwenye boksi, lakini haikuingia. Kumbe matrekta ya aina ile yalikuwa na pampu za namna mbili, na duka likataka kuiona ya zamani kwa macho. Baba alikaa jioni nzima akiitazama ile pampu kana kwamba itamwambia kitu. Mwisho akasema atakwenda mwenyewe, maana Bamdogo alikuwa na safari ya kupeleka korosho za watu ghalani.

Nilikuwepo walipoagana. Baba alikuwa na begi jeusi la mkononi, pampu ndani yake imeviringishwa kwenye shati lake la zamani. Alimwambia Mama kwamba amezungumza na mtu wa kuleta maji kwa baiskeli, asishuke bondeni hata kidogo. Mama akaitikia.

"Nitarudi kabla hujajifungua," Baba alisema.

"Nenda," Mama alisema. "Huyu hana haraka kama wewe."

Baba aliweka kiganja juu ya kichwa changu, akaenda kusubiri gari. Nilimwuliza Mama anakwenda kufanya nini. Akaniambia anafuata kifaa. Nilipenda neno hilo. Nilikuwa nikitembea uwanjani nikiliimba, kifaa, kifaa, Baba anafuata kifaa.

Mwenye baiskeli alileta maji mara mbili tatu, halafu akapotea. Kila nyumba ilikuwa ikimtaka, na waliokuwa barabarani walimkamata kabla hajatufikia. Mapipa yalikauka mpaka yakalia ukiyagonga. Na mvua, tulizozisubiri zinyeshe kwetu, zikanyesha kaskazini. Baba alipiga simu kwa Bamdogo akasema amekipata kifaa, yuko njiani, lakini mvua imekata barabara mbele yao, daraja limechukuliwa na mabasi yamepanga foleni pande zote mbili. Bamdogo alikuja kutueleza. Bibi akatazama juu, anga jeupe lisilo na wingu, akasema kule watu wanazama, huku hatuna ya kuoshea bakuli.

Mama alisubiri siku kadhaa. Tukawa tunaoga kwa kikombe. Halafu asubuhi moja nikaisikia ile sauti niliyokuwa nimeshaisahau, ndoo tupu ikigonga fremu ya mlango.

Niliamka nikamfuata. Bibi alikuwa ameshatoka kwake, amesimama njiani amemzuia. Walizungumza Kimakonde, kwa sauti ya chini. Mama alisema ni ndoo moja tu, ndogo, na atapanda taratibu. Bibi akataka kwenda yeye. Mama akayaonyesha kwa kidole magoti ya Bibi yaliyovimba. Akaniambia nibaki na Bibi.

Alirudi jua likiwa limeshakuwa kali. Alipita kando ya trekta, akafika mlangoni, akaishusha ndoo chini mwenyewe, taratibu, bila kumwaga hata tone. Kisha akakaa kwenye kizingiti. Nikasubiri pumzi yake irudi kama zamani ili aniambie neno. Haikurudi vile. Alishika kiuno, akamwita Bibi, na nilipotazama chini nikaona kanga yake imeloa, nikadhani ni maji ya ndoo.

Majirani walimbeba mpaka zahanati ya kijiji. Nilikimbia nyuma yao, hakuna aliyekumbuka kunizuia. Nesi alikuwa mwanamke mtaratibu, ndiye aliyekuwa akituchanja. Alimlaza Mama, akafanya aliyoweza, akaja mlangoni akamwambia Bibi na Bamdogo, "Hapa sina kifaa cha kumsaidia. Apelekwe Newala, sasa hivi. Tafuteni gari."

Nataka niseme nilichokihisi wakati ule, maana miaka yote hii sijakisema vizuri kwa mtu. Nilifurahi. Watu wazima walikuwa wamebadilika rangi, Bamdogo anahangaika na simu, Bibi amekaa chini kabisa sakafuni, na mimi peke yangu nilijua kwamba mambo yamekaa sawa. Nesi hana kifaa, na Baba amefuata kifaa. Amekipata, yuko njiani nacho, Bamdogo mwenyewe alisema. Niliinama nikamnong'oneza Bibi sikioni kwamba asilie, Baba anakuja nacho. Bibi alinitazama. Sijui alielewa nini. Alinivuta akanikumbatia, akasema, "Ndiyo, mjukuu wangu. Ndiyo."

Lilipatikana gari la mnunuzi wa korosho. Walimlaza Mama nyuma juu ya magunia matupu, kichwa chake kwenye mapaja ya Bibi. Mama aligeuza uso akanitafuta, akaniambia nikafunike ndoo ile, kuku wasinywe maji yake. Nilirudi nyumbani nikaifunika kwa sinia. Halafu nikaenda kukaa barabarani, chini ya mikorosho, mahali ambapo magari ya kutoka Masasi yanapunguza mwendo, nikaanza kumsubiri Baba.

Mama hakurudi, wala yule mtoto. Alifariki siku ile ile alasiri. Sikuambiwa. Nilichukuliwa na jirani, Mama Zaituni, nikalala kwake, na asubuhi nilipotaka kwenda nyumbani akanipa muhogo wa kuchoma, akanipa kazi ya kulea mtoto wake. Nilisikia watu wengi wakipita. Nilisikia sauti za wanaume wakiitikia dua. Nilipouliza nikaambiwa Mama amepumzika, na mimi nikaona ni jambo la maana, apumzike wakati tunasubiri.

Baba alipigiwa simu akiwa ng'ambo ya mto. Bamdogo alinisimulia nikiwa mtu mzima kwamba Baba alisema wazike, wasimngoje. Abiria wenzake walimwambia asubiri maji yashuke. Hakusubiri. Alivuka kwa miguu, maji yakimfika kifuani, begi amelibeba kichwani kwa mikono miwili, namna wanawake wa kwetu wanavyobeba ndoo.

Alifika matanga yakiwa bado hayajaanuliwa. Nilikuwa pale pale barabarani. Alishuka kwenye lori la chumvi, suruali imekauka na tope, amekonda usoni. Nilimkimbilia. Sikumwamkia hata shikamoo, nilishika begi.

"Baba, kifaa kipo?"

Alinitazama kama asiyenifahamu. "Kipo."

"Basi twende haraka tukampe Mama. Nesi alisema hana."

Alipiga magoti pale pale kwenye mchanga, magari yanapita. Akaniuliza nesi alisema nini, na mimi nikamrudia maneno kama nilivyoyasikia, bila kukosea, kwa fahari. Nikamwambia nimeketi hapa kila siku nikimsubiri. Yeye akafungua begi. Akatoa kitu kizito kilichofungwa karatasi ya mafuta, akaifunua kidogo, nikaona chuma kipya kinang'aa. Kilinukia mafuta mapya.

"Hiki ni cha trekta, mwanangu," alisema.

"Na cha Mama?"

Alikifunika tena kwa ile karatasi, akakunja kila pembe yake vizuri, kama kuna mtu atakayekuja kukagua. "Cha Mama sikukifuata," alisema. "Sikujua kama kitatakiwa."

Akaninyanyua. Nilikuwa mkubwa wa kutobebwa, lakini alinibeba mpaka nyumbani, na alipoingia uwanjani wanawake waliokuwa ndani wakapiga yowe moja, na hapo ndipo nilipojua. Hakuna aliyeniambia. Nililijua kwa yowe lile, na kwa namna mikono ya Baba ilivyozidi kunibana.

Pampu ilifungwa. Iliingia sawasawa. Trekta liliwaka mara ya kwanza tu, likanguruma chini ya mkorosho, na Bibi akatoka nje akasimama mlangoni akilitazama. Baba akamwambia Bamdogo alizime. Lilifanya kazi siku chache wakati wa arobaini, likaleta maji ya wageni, maji mengi kupita kiasi, watu walinawa mpaka viwiko. Baadaye Baba akatangaza kuliuza.

Aliyelinunua alikuwa mkulima kutoka Lupaso, mzee mchangamfu aliyekuja na mwanawe mkubwa. Alilizunguka, akaliwasha, akasikiliza, akashangaa. Akauliza lina kasoro gani, maana mtu haachi kitu kizuri hivi bila sababu.

"Halina kasoro," Baba alisema. "Ila limenunuliwa mbali."

Mzee akacheka, akasema siku hizi hakuna mbali. Baba akamwuliza kama ana mke nyumbani. Yule mzee akashangaa swali, akajibu ndiyo, yupo. Baba akamwambia, "Basi pampu yake nunua mapema, uiweke ndani."

Bamdogo hakuwa pale siku ile. Hawakugombana, yeye na Baba, sikuwahi kumsikia Baba akimlaumu. Lakini Bamdogo alihamia Masasi muda si mrefu, akawa dereva wa lori, na kila akija kututembelea hukaa nje, hajavuka kizingiti kile mpaka leo.

Kwa pesa ile Baba alichimba kisima cha kuvunia mvua. Alichimba mwenyewe, kwa sururu, karibu kabisa na mlango wa jiko. Majirani walimshauri asogee mbali kidogo na msingi wa nyumba, akakataa. Akakijenga kwa matofali, akakipiga saruji ndani, akavuta mfereji wa bati kutoka paani. Alimaliza wakati mvua zetu, zile zilizochelewa, zinaanza kugonga gonga. Zilinyesha mfululizo, na asubuhi moja zilipokatika akafunua mfuniko, tukakuta kimejaa, maji yametulia, meusi na mazito.

Bibi alitaka kuchota, Baba akamwambia asubiri. Alienda kusimama mlangoni mwa jiko. Kutoka pale akatembea mpaka kwenye kisima, mwendo wa mtu aliyebeba kitu kichwani, shingo imenyooka. Akafika mara moja. Akarudi mlangoni, akatembea tena, safari hii taratibu zaidi, na bado akafika mara moja. Akasimama pale akiyatazama maji.

"Ni karibu," alisema, wala hakuwa akituambia sisi.